Medicaid na kodi ya nyumba: mkataba wa bima unasema nini hasa

Malalamiko ya aina moja yamezidi: "Nimesikia Medicaid inalipa kodi ya nyumba, mbona mimi nimekataliwa?" Swali ni halali. Habari iliyolizaa ndiyo iliyokatwa nusu.

Wanachama wengi wa Medicaid, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa watu wa kipato cha chini, wako chini ya kampuni ya bima inayolipwa na jimbo kiasi maalumu kwa kila mwanachama, kila mwezi. Mkataba wa jimbo na kampuni hiyo ndio unaoeleza kampuni ifanye nini kuhusu yale yanayokuuguza ukiwa nje ya hospitali: makazi, chakula, usafiri. Kwanza, kampuni inapaswa kukuuliza kuhusu mahitaji hayo. Kanuni za shirikisho zinaitaka ijitahidi kukufanyia tathmini ya mahitaji ndani ya siku 90 tangu uandikishwe. Simu ya tathmini hiyo wengi huikata wakidhani ni matapeli, kisha hulalamika kwamba hawakuulizwa. Pili, kampuni inapaswa kuratibu matibabu yako pamoja na misaada unayopata kwenye mashirika ya jamii.

Kulipia ni jambo jingine. Kampuni inaweza kutoa huduma mbadala badala ya ile ya kawaida, mradi jimbo limeikubali, imeandikwa kwenye mkataba, inafaa kitabibu na ina unafuu wa gharama. California ilianza Januari 2022 na orodha ya huduma 14. Mtoto mwenye pumu, kwa mfano, anaweza kuwekewa nyumbani kichujio cha hewa na foronya ya godoro ya kuzuia vumbi. Kampuni huchagua itoe zipi, nawe huwezi kulazimishwa kuzipokea. Kodi ya nyumba kwa kawaida haimo. Majimbo machache yaliruhusiwa kuilipia kwa kibali maalumu, kwa watu wa makundi fulani na kwa muda usiozidi miezi sita.

Na vibali si vya milele. Machi 2025 serikali ya shirikisho iliondoa miongozo yake kuhusu huduma hizi, ingawa vibali vilivyokwisha kutolewa havikufutwa kwa hatua hiyo. Julai mwaka huo jimbo la North Carolina lilisimamisha mradi wake wa huduma za aina hii kwa kukosa fedha za jimbo. Kwa hiyo tafadhali, jirani wa jimbo jingine si ushahidi.

Ukikataliwa, dai notisi ya maandishi. Una siku 60 tangu tarehe iliyo kwenye notisi kukata rufaa kwa kampuni, nayo ina siku 30 za kujibu, au saa 72 ikiwa kuchelewa kutahatarisha afya yako. Ikishikilia uamuzi wake, omba usikilizwaji wa jimbo, yaani jimbo lenyewe lisikilize shauri lako. Muda wa kuomba ni kati ya siku 90 na 120, kutegemea jimbo. Kama huduma ulikuwa ukiipata tayari na unataka iendelee wakati wa rufaa, kwa kawaida uombe ndani ya siku 10 tu, na ujue kwamba ukishindwa unaweza kudaiwa gharama. Kampuni inayowanyima wanachama huduma ya lazima au kuwapotosha inaweza kutozwa hadi dola 25,000 kwa kosa, kiwango kinachorekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Faini hiyo haiji kwako. Wengi hudhani ni fidia.

Mkalimani wa Kiswahili ni bure, na kumtafuta ni wajibu wa kampuni. Mtoto wa shule asitumwe kutafsiri barua ya rufaa.