Mtunzaji Anapougua: Maandalizi kwa Wazee Wanaoishi Wawili

Katika vilima vya Kadutu na Bagira, hapa Bukavu, nyumba nyingi za wazee zinategemea mpango mmoja tu wa matunzo: mama anamtunza baba, au baba anamtunza mama, huku watoto walio Kinshasa au ng'ambo wakituma pesa. Mpango huo hudumu mpaka usiku ule ambao mtunzaji mwenyewe anashikwa na malaria kali au anateleza kwenye ngazi za udongo.

Jambo ambalo familia nyingi husahau ni kwamba ugonjwa wa mtu mmoja huchukua watu wawili. Katika hospitali zetu mgonjwa hulindwa na ndugu, ambaye humletea chakula na kumnunulia dawa. Basi binti aliyekuja kusaidia huondoka pamoja na mgonjwa, na yule aliyezoea kulishwa hubaki peke yake. Kwa hiyo yapangwe majina mawili, la wa kwenda hospitali na la wa kulala nyumbani, nao wakubali kwa kinywa chao. Wa nyumbani awe mtu wa karibu, wa shirika la kanisa au wa nyumba kumi, kwa maana anayekaa upande wa pili wa mji hatafika usiku wa mvua, hata akiwa mtoto wa kuzaa.

Mtu huyo atahitaji karatasi, si maelezo ya haraka mlangoni. Iandikwe majina ya dawa, kipimo na saa zake, kwa Kifaransa kwa ajili ya muuguzi na kwa Kiswahili kwa ajili ya jirani, pamoja na namba za simu, kwa kuwa umeme ukikatika simu nayo huzimika. Namba ya siri ya pesa za simu isiandikwe hapo. Afadhali fedha kidogo za safari ziwekwe kwa mtu anayeaminika.

Mwenye kisukari aangaliwe zaidi. Anayechomwa insulini au kumeza glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, akikosa kula, sukari ya damu hushuka mno: hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na mgeni hudhani ni uzee tu. Akiwa bado anameza vizuri, apewe upesi maji yenye sukari. Akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni, bali apelekwe hospitali mara moja.

Tena mzee mwenyewe aulizwe ni nani anayekubali amwogeshe. Baba wengi hawatakubali mkamwana awaone uchi, na ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kukuta amekaa siku tatu bila kuoga. Kisha mtu aliyechaguliwa aje alale pale usiku mmoja, mama akiwa bado mzima, ajue taa inakaa wapi, naye baba aizoee sauti yake.