Zebra peke yake haimlindi mtoto wa shule

Mtoto akigongwa karibu na shule, wengi husema hakufundishwa kuvuka, au kwamba zebra, yaani kivuko cha mistari ya rangi, ingechorwa asingegongwa. Sivyo. Shirika la usalama barabarani la Amend, ambalo mpango wake wa SARSAI, wa kukagua na kuboresha barabara za karibu na shule, ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute, mwaka 2019 kwa kazi ya Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, hurekebisha barabara yenyewe na kufundisha darasani pia.

Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, hukata karibu mita 14 katika sekunde moja, na mguu wa dereva huenda bado haujagusa breki. Kwenye 30, ni mita 8 na kidogo. Mtoto wa darasa la kwanza bado hajui kukadiria mwendo huo vizuri, hata angeimba sheria zote.

Rangi haizuii gari. Tuta ndilo humlazimisha dereva kupunguza. Liwekwe kabla ya kivuko, kwa kila upande magari yanakotokea, au kivuko chenyewe kiinuliwe. Njia ya miguu isiyo na nguzo fupi pembeni hugeuka njia ya bodaboda na maegesho. Na lango linalofungukia barabara kuu lihamishiwe mtaa wa pembeni, maana kengele ya kutoka ikilia, watoto hutoka mbio.