"Mwalimu ni Mzungu?" Dhana potofu kuhusu kozi za matamshi ya Kiingereza

Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na wanaotaka kujiunga na darasa langu la mtandaoni. Nikijibu kuwa mwalimu ni mimi, wengine hupotea hapohapo. Wanaamini aliyezaliwa na lugha ndiye anayejua kuifundisha. Haya, mwulize huyo Mzungu kwa nini wengi wetu tunatamka "hat", "hut", "heart" na "hurt" kama neno moja. Kosa atalisikia, lakini linakotoka mara nyingi hakujui. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na 20 hivi, pamoja na zile za kuunganishwa. Maneno yote manne yanaangukia kwenye "a" yetu moja.

Dhana inayouzwa zaidi kwenye matangazo ni kwamba mlima wenyewe ni "th". Utaona video nzima ya mtu katoa ulimi nje. Kwa Mswahili wa pwani huko ni kumfundisha samaki kuogelea: anayesema "thamani" na "dhahabu" tayari anayo sauti ya "think" na ya "this". Anayesema "samani" na "zahabu" ana kazi kidogo, na hata asipofaulu, kwa kawaida ataeleweka.

Kazi iko kwenye mkazo. Sisi tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, bila kufikiri: kiTAbu, kitaBUni. Kiingereza hakina adabu hiyo. "Photograph" mkazo uko mwanzoni, "photography" umehamia silabi ya pili, "photographic" ya tatu. Halafu silabi zilizokosa mkazo hufifia. "Banana" imeandikwa kwa "a" tatu, lakini ya katikati ndiyo inayotamkwa kamili. Sisi tunazipa zote tatu heshima sawa.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Tanga aliyeko Muscat, alisema "calendar" kwenye usaili akaambiwa arudie mara tatu. Kila akirudia aliongeza sauti tu. Alikuwa anasema kaLENda, kama kalenda yetu ya ukutani, wakati mkazo wa Kiingereza uko kwenye silabi ya kwanza.

Eti mtandaoni mwalimu haoni mdomo? Kwenye kamera ya simu ninauona vizuri kuliko darasani, mwanafunzi akiwa dawati la nyuma kati ya wenzake 60. Tatizo la kweli ni sauti. Programu za mikutano hupunguza kelele, na katika kupunguza huweza kumeza "f" na "th", ambazo ni pumzi tu. Ndiyo maana kazi za nyumbani wanarekodi kwenye simu, kisha wananitumia.

Na zile ahadi za kufuta lafudhi kwa siku 30, waachieni wenyewe. Mwaka 1995 watafiti Murray Munro na Tracey Derwing walichapisha utafiti juu ya wazungumzaji wa Kichina cha Mandarin wanapoongea Kiingereza: mara nyingi wasikilizaji waliweza kuandika sawasawa walichosikia hata pale waliposema lafudhi ni nzito.

Yule kijana alinitumia "calendar" mara 11 usiku mmoja. Ya mwisho mkazo umekaa mahali pake, na Tanga bado inasikika ndani yake. Nikamwambia tuendelee na neno lingine.