Wimbo wa Septemba si wa vita: dhana potofu kuhusu albamu za emo na pop-panki

Kila Septemba ikikaribia kuisha, kuna wimbo mmoja unarudi, Wake Me Up When September Ends. Utaukuta kwenye status za watu, utausikia redioni, na hakosi mtu wa kueleza kwa uhakika kabisa kwamba Green Day, bendi ya Marekani, waliutunga kwa ajili ya waliokufa New York tarehe 11 Septemba 2001. Mwingine atabisha: hapana, ni wa vita vya Iraq. Nimewahi kubishana na rafiki yangu juu ya hili mpaka usiku wa manane na sikumshinda, maana ushahidi wake ulikuwa video yenyewe, na kwenye video askari wamo.

Naipenda miziki hii, emo na pop-panki (panki ninayoisema ni muziki, roki ya kasi na kelele, si ule mtindo wa kunyoa nywele tunaoujua mtaani; pop-panki ni panki yenye melodi tamu, na emo ni panki ya hisia za ndani). Ndiyo maana inaniuma kuona albamu zake zikisimuliwa kwa visa vikubwa vya kubuni huku visa vyenyewe vya kweli, ambavyo vingi ni vya nyumbani kabisa, vikisahaulika.

“Wake Me Up When September Ends ni wimbo wa Septemba 11”

Ni wimbo wa mtoto aliyefiwa na baba. Andrew Armstrong alikuwa dereva wa lori na mwanamuziki wa jazi huko California. Alifariki kwa saratani ya umio Septemba 1982. Mwanawe Billie Joe, mwimbaji wa Green Day na kitinda mimba wa watoto sita, alikuwa na miaka 10. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba siku ya mazishi mtoto alikimbilia nyumbani akajifungia chumbani. Mama alipokuja kugonga, sauti ikatoka nyuma ya mlango: uniamshe Septemba ikiisha.

Maneno hayo aliyabeba miaka ishirini kabla hayajawa wimbo. Na jibu limo humo humo ndani kwa anayesikiliza: baba anatajwa, na miaka inahesabiwa, kwanza saba, halafu ishirini. Anza 1982, hesabu ishirini, unafikia pale pale Green Day walipokuwa wanakaribia kuandika albamu yao American Idiot.

Mkanganyiko naelewa ulikotoka. Albamu hiyo, iliyotoka Septemba 2004, kweli ni ya kisiasa, na imeisema serikali ya Marekani ya wakati ule bila kuuma maneno. Video ya wimbo, iliyoongozwa na Samuel Bayer mwaka 2005, inaonyesha kijana anayeingia jeshini na kupelekwa Iraq. Agosti mwaka huo huo kimbunga Katrina kikaipiga New Orleans, na watu wakauunganisha wimbo na picha za mafuriko. Kwa hiyo ulibeba misiba mingi isiyokuwa yake. Simlaumu mtu kwa hilo. Msibani kila mmoja hulia na lake. Lakini ukishamjua yule mtoto nyuma ya mlango, gitaa la mwanzo, linalopigwa peke yake taratibu bila ngoma, hulisikii tena kama zamani.

Kuhusu albamu hiyo hiyo kuna hadithi nyingine, kwamba ilizaliwa kwa sababu ya wizi tu. Wizi ulikuwepo: mwaka 2003 kanda za albamu waliyokuwa wanaimalizia, Cigarettes and Valentines, ziliibwa studio. Ila wangeweza kurudi kuzirekodi nyimbo zile zile. Prodyuza wao Rob Cavallo aliwauliza kama kweli kazi ile ndiyo bora waliyokuwa nayo, nao hawakuweza kusema ndiyo. Wakaanza upya. Mpiga besi Mike Dirnt akatunga kawimbo ka sekunde 30 akiwa peke yake studio, wenzake wakaunganisha vya kwao kwa mchezo wa kupokezana, na mchezo huo ndio uliowaonyesha kwamba wanaweza kuandika nyimbo ndefu zenye sura nyingi.

“Helena alikuwa mpenzi aliyekufa”

Alikuwa bibi yao. Gerard na Mikey Way wa bendi ya My Chemical Romance, vijana wa New Jersey, walimpoteza bibi yao Elena mwaka 2003. Ndiye aliyemfundisha Gerard kuimba na kuchora. Ndiye pia aliyeinunulia bendi van ya kuzungukia, wakati bado hakuna aliyewajua. Wimbo wa Helena, unaofungua albamu yao Three Cheers for Sweet Revenge ya 2004, ni mjukuu anajilaumu kwamba alikuwa safarini mno wakati bibi anazeeka. Video yake ni mazishi kanisani, mvua inanyesha, na watu wameikariri kwa mavazi meusi na wanja. Sisi tuliolelewa na bibi tunauelewa wimbo huu bila kamusi.

“Emo ilianza na nywele za kufunika jicho”

Ilianza Washington, D.C., katikati ya miaka ya 1980, na picha za vijana wale zinaonyesha nywele za kawaida tu. Panki kali ya mji ule ilikuwa imegeuka uwanja wa ngumi, na baadhi ya waliokuwa ndani walichoka. Kiangazi cha 1985 wakakiita Revolution Summer. Rites of Spring, wakiongozwa na Guy Picciotto, walirekodi albamu yao mwaka huo Inner Ear, studio iliyokuwa ndani ya nyumba ya fundi sauti Don Zientara huko Arlington, Virginia. Aliyesimamia kazi ni Ian MacKaye wa lebo ya Dischord. Kasi ilibaki ile ile ya panki, ila Picciotto aliimba habari za majuto na kumbukumbu kwa sauti inayokaribia kukatika.

Watu wakaanza kuyaita mambo hayo emo, na waliobandikwa jina hawakulipenda. MacKaye alilikejeli jukwaani, Picciotto hajawahi kulikubali, na miaka ishirini baadaye Gerard Way naye akalikataa. Sijui aina nyingine ya muziki ambayo waasisi wake wameikana kwa pamoja namna hii.

“Serikali iliipiga marufuku Bleed American”

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa kisa chenyewe ni kitamu kuliko uzushi.

Jimmy Eat World, wenye albamu hiyo, ni bendi ya Mesa, Arizona. Kwanza jina: wengi hudhani Jimmy ni mwimbaji Jim Adkins. Siye. Ni mdogo wa mpiga gitaa Tom Linton. Wadogo zake wawili walikuwa hawaishi kupigana, mkubwa anamshinda mdogo, na mdogo akalipiza kisasi kwa kuchora: akamchora kaka yake anaitia dunia nzima mdomoni, na chini akaandika maneno yaliyokuja kuwa jina la bendi.

Mwaka 1999 walitoa Clarity chini ya lebo ya Capitol. Leo inahesabiwa miongoni mwa albamu muhimu za emo, lakini wakati ule mauzo hayakuridhisha na bendi ikabaki bila lebo. Wangeweza kurudi nyumbani kimya. Walichofanya ni kutafuta vibarua: Adkins akauza vifaa vya uchoraji, Linton akafanya kazi za ujenzi. Hela waliyoipata, pamoja na ya ziara, ndiyo iliyolipia kurekodi albamu iliyofuata, na prodyuza Mark Trombino akakubali kulipwa baadaye. Walipomaliza ndipo lebo zikaanza kuwagombania, wakachagua DreamWorks.

Bleed American ilitoka Julai 2001. Wiki chache baadaye minara ya New York ikaanguka, na jina lenye maneno hayo mawili pamoja, la kutoka damu na la Kimarekani, likawa zito kulitamka. Hakuna serikali iliyoagiza kitu. Bendi yenyewe iliamua lisije likaeleweka vibaya, albamu ikatolewa tena kwa jina la bendi tu, na wimbo uliobeba jina ukaitwa Salt Sweat Sugar. Jina la kwanza lilirudishwa kwenye toleo la 2008. Kwa hiyo ukikutana na nakala mbili zenye majina tofauti na nyimbo zile zile, usidhani mojawapo ni feki.

Na The Middle, wimbo uliofika namba 5 kwenye chati kuu ya Marekani mwaka 2002, watu huuchukulia kama wa bendi kujipa moyo baada ya kutemwa. Adkins ameeleza kwamba ulitokana na barua pepe ya shabiki, msichana wa shule aliyetengwa na wenzake kwa kuonekana si mpanki wa kutosha. Jibu la msichana mmoja likasikika dunia nzima.

“Pinkerton ya Weezer ni ya wapelelezi”

Hata kampuni ya upelelezi na ulinzi yenye jina hilo ilidhani hivyo, ikaenda mahakamani mwaka 1996 kuzuia albamu isitoke. Jaji hakukubaliana nayo. Pinkerton ni yule luteni wa jeshi la majini la Marekani kwenye opera (mchezo wa kuimbwa) ya Mwitaliano Puccini, Madama Butterfly, anayemwoa binti wa Nagasaki kisha kumwacha. Rivers Cuomo, mwimbaji wa bendi ya Weezer, akiwa mwanafunzi Harvard na mguu umefungwa vyuma baada ya upasuaji wa kuurefusha, alijiona ndani ya luteni huyo, na hakujipenda alichokiona. Ndiyo maana albamu inauma vile.

Wengine husema ilifeli kwa kuwa ilikuwa mbaya. Wasomaji wa jarida la Rolling Stone kweli waliipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbaya zaidi za mwaka ule, na Cuomo mwenyewe aliikana hadharani mwaka 2001. Mwaka 2004 jarida lile lile likaipa nyota tano. Albamu haikubadilishwa hata noti moja katikati ya hukumu hizo mbili. Vijana walioinunua kwa siri na kuifanya shule yao ya kuandika nyimbo ndio walioibeba.

Vichache vya haraka

Namba kwenye jina la bendi ya blink-182 haina maana yoyote. Waliitwa Blink, bendi ya Ireland yenye jina hilo ikalalamika, wakaongeza namba. Hadithi zote za filamu na uzito wa mwili walizibuni wenyewe wakiulizwa na waandishi.

Dookie ya 1994 si albamu ya kwanza ya Green Day, ni ya tatu. Kabla yake walishatoa mbili chini ya lebo ndogo ya Lookout, na walikulia kwenye ukumbi wa 924 Gilman Street, Berkeley, ambao una kanuni ya kutopokea bendi za lebo kubwa. Waliposaini na lebo kubwa ya Reprise mlango ukafungwa. Walikuja kupiga tena pale mwaka 2015, kwenye onyesho la kuchangisha fedha.

Kwenye bendi ya Fall Out Boy, sauti ni ya Patrick Stump, lakini mashairi ya albamu yao From Under the Cork Tree yaliandikwa na mpiga besi Pete Wentz. Unayemsikia akilia si mwenye kilio.

“The Black Parade inasifia kifo”

Hii, kuhusu albamu ya My Chemical Romance, ndiyo iliyoleta madhara. Mwaka 2008 gazeti la Daily Mail la Uingereza liliandika kuhusu emo kana kwamba ni madhehebu ya kuwaingiza watoto kwenye kujiua, na My Chemical Romance wakatajwa. Mashabiki, wengi wao watoto wa shule, waliandamana London mwezi Mei mwaka huo. Bendi ikasema wazi kwamba inapinga kujiua na inapinga vurugu.

Isikilize albamu toka mwanzo hadi mwisho, uone inakoelekea. Ilitoka Oktoba 2006, prodyuza ni yule yule Rob Cavallo. Mhusika wake mkuu ni Mgonjwa, mtu anayekufa kwa saratani hospitalini. Wazo la Gerard Way ni kwamba kifo humjia mtu kwa sura ya kumbukumbu yake anayoipenda kuliko zote, na kwa Mgonjwa ni gwaride aliloliona utotoni. Wimbo wa mwisho rasmi, Famous Last Words, ni mtu anatangaza kwamba haogopi kuendelea kuishi. Albamu ya namna hiyo mzazi angekaa na mwanawe waisikilize pamoja.

Kuna na dhana ya huku kwetu, kwamba haya ni ya Wazungu watupu na hayatuhusu ndewe wala sikio. Bendi haikuficha ilikoichota sauti ya albamu hii: ni kwa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Piano inayogeuka gwaride, gwaride linalogeuka roki, sauti za kuitikiana zilizopangwa kama kwaya, hayo ni mambo ya Queen. Na mwimbaji wa Queen, hayati Freddie Mercury, alikuwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Familia ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Sisemi Mji Mkongwe uliizaa emo. Nasema uzi ukiuvuta, unapita Zanzibar.

Agosti 2011, My Chemical Romance walipokuwa wanafunga siku kwenye tamasha la Reading, Uingereza, walimkaribisha jukwaani Brian May, mpiga gitaa wa Queen, ambaye gitaa lake aliliunda kwa mikono akisaidiana na baba yake. Wakapiga We Will Rock You. Kisha ikadondoka ile noti moja ya piano inayojulikana na kila shabiki, ukaanza Welcome to the Black Parade, wimbo wa baba aliyempeleka mwanawe mjini kutazama bendi ikipita.