Tuvalu na Taiwan: tunayoyadhani kuhusu ubalozi, na yalivyo

Tuvalu ni visiwa tisa vyenye jumla ya kilomita za mraba 26 na watu wasiofika 12,000. Taiwan iko zaidi ya kilomita 7,000 kutoka huko. Uhusiano wao wa kidiplomasia ulianza 1979, mwaka mmoja tu baada ya Tuvalu kupata uhuru.

"Bila ubalozi hakuna uhusiano." Hapa ndipo wengi hupotea. Ibara ya 2 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia inadai ridhaa ya pande mbili, basi. Kufungua ofisi ni hatua nyingine: Tuvalu ilifungua ubalozi wake Taipei 2013, miaka 34 baadaye.

Nchi ndogo nyingi huyamaliza haya New York. Wawakilishi wao wa Kudumu kwenye Umoja wa Mataifa hutia saini tamko fupi la pamoja lenye majina rasmi ya nchi na tarehe ya kuanza. (Taiwan haina kiti huko, kwa hiyo mlango huo kwake umefungwa.) Kisha balozi mmoja hupangiwa nchi kadhaa, jambo ambalo ibara ya 5 ya mkataba huo inaliruhusu mradi hakuna hata moja kati ya hizo inayopinga. Jina la balozi mteule hupelekwa kimya kimya, kwa sababu nchi mwenyeji inaweza kulikataa bila kutoa sababu. Likitangazwa mapema, aibu ni ya aliyelituma.

Likikubaliwa, zinafuata hati za utambulisho. Mkuu wa nchi ya Tuvalu ni Mfalme Charles III, lakini hati hupokelewa na Gavana Mkuu, mwakilishi wake, kisiwani Funafuti. Hapo ndipo ratiba huvurugika: ndege kutoka Fiji huenda siku chache tu kwa wiki. Tena, hati ni barua ya mkuu wa nchi kwa mkuu mwenzake, kwa hiyo aliyeisaini akitoka madarakani kabla haijakabidhiwa, kwa kawaida huandikwa upya. Ibara ya 13 inampa mwenyeji nafuu: anaweza kuhesabu kazi ya balozi kuwa imeanza pale nakala halisi ya hati inapofika Wizara ya Mambo ya Nje, mradi atumie utaratibu huohuo kwa mabalozi wote.

"Ubalozi ni ardhi ya nchi nyingine." Sivyo. Kiwanja kinabaki cha mwenyeji na sheria zake zinatumika. Ibara ya 22 inawazuia tu maofisa wake kuingia bila idhini ya balozi.

"Mdogo anapokea tu." Tuvalu ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, na kura yake katika Baraza Kuu ni moja kati ya 193, sawa na ya India. Sauti hiyo Taiwan inaihitaji. Nayo Taiwan inaleta vitu vya kushikika: wataalamu wake wa kilimo wanaendesha bustani ya mboga Funafuti. Udongo wa kisiwa cha matumbawe ni mchanga mtupu usiokaa na maji, na chumvi haiko mbali, hivyo mboga haistawi bila matuta ya mboji.

"Kuvunja uhusiano ni lazima pande mbili zikubaliane." Kuanza kunataka wawili, kuvunja kunamtosha mmoja. Tarehe 15 Januari 2024, siku mbili baada ya uchaguzi wa Taiwan, Nauru, nchi nyingine ndogo ya Pasifiki, ilitangaza kuiacha Taiwan na kuhamia Beijing, yaani kwa China. Haikuwa mara ya kwanza: ilianza na Taiwan 1980, ikaiacha 2002, ikarudi 2005. Safari hii haikuishia kwenye uhusiano, iliondoa na utambuzi, yaani kuikubali Taiwan kuwa nchi. Kwa kawaida hayo ni mambo mawili, maana nchi zinaweza kufungiana ofisi na bado kila moja ikaitambua nyingine. Beijing huyafunga pamoja, ikiegemea Azimio 2758 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1971 lililoipa kiti cha China huko. Baada ya Nauru, Taiwan ilibakiwa na washirika rasmi 12, Vatican ikiwemo.

Uhusiano ukivunjika, jengo halinyakuliwi. Ibara ya 45 inamtaka mwenyeji aliheshimu na kulilinda, pamoja na mali na nyaraka zilizomo, hata vita vikizuka. Anayeondoka anaweza kumwachia funguo nchi ya tatu, mradi mwenyeji aikubali.