Sekunde kumi na tano kabla jenereta halijashika

Jenereta la uwanja wa ndege haliwaki papo hapo. Hata lile ambalo injini yake hupashwa moto mchana na usiku ili isianze ikiwa baridi, lina mlolongo wake: kuhakikisha kwamba umeme umekatika kweli na si kupepesa tu, kupiga stata, kupanda hadi kasi yake, kutuliza volteji na mizunguko 50 kwa sekunde, ndipo swichi ya kuhamisha umeme igeuke. Mambo yakienda vizuri, ni sekunde kumi hivi, pengine kumi na tano. Ndege ya abiria inayokuja kutua huwa na mwendo wa kama kilometa 260 kwa saa, yaani mita sabini na kitu kila sekunde. Katika sekunde hizo kumi na tano inakuwa imekata zaidi ya kilometa moja, na rubani anaweza kuwa katikati ya sentensi na mwongoza ndege.

Ndiyo maana sichoki kusema kwamba mnara wa kuongozea ndege unaishi kwa betri. Jenereta linakuja kuzipokea betri mzigo.

Huku kwetu Dar es Salaam, mtu anayekaa Kipawa au Ukonga, karibu na uwanja wa ndege, mtaa mzima ukiwa giza, husikia ndege inashuka kama kawaida akaamini uwanja una laini yake isiyokatika. Kuwa na laini mbili kutoka vituo viwili tofauti vya kupozea umeme ni kinga nzuri nguzo ikianguka au transfoma ikiungua. Lakini Gridi ya Taifa ikizimika, laini zote mbili zinakufa kwa pamoja.

Kinachookoa ni UPS, mtambo wa betri unaozuia umeme usikatike, ya aina inayobadili umeme mara mbili. Umeme wa gridi unaingia, unageuzwa kuwa wa betri, kisha unageuzwa tena kuwa wa kawaida ndipo uende kwenye redio, simu za moja kwa moja, skrini za rada, kinasa sauti na vipimo vya upepo. Vifaa hivyo havionji umeme wa gridi hata siku moja. Ukikatika, betri zinaendelea na kazi ambayo tayari zilikuwa zimeunganishwa nayo, na hakuna pengo hata la kufumba na kufumbua.

Taa za barabara ya kuruka na kutua ndege zina habari nyingine. Mzigo wake ni mkubwa, na kwa kawaida hutegemea jenereta. Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinaruhusu taa za pembeni mwa barabara hiyo zikae hadi sekunde 15 bila umeme pale ndege zinapotua kwa kuongozwa na vyombo katika daraja la kwanza. Kwa daraja la pili na la tatu, ambapo rubani anashuka karibu haoni kitu, taa za mstari wa kati na za eneo la kugusa ardhi zinapewa sekunde moja tu. Jenereta gani linawaka kwa sekunde moja? Hakuna. Wanachofanya viwanja vingi ni kugeuza utaratibu: hali ya hewa ikichafuka, jenereta linawashwa mapema na taa zinakula umeme wake, gridi inakaa pembeni kama akiba. Jenereta likizima, swichi inarudi kwenye gridi ndani ya sekunde hiyo moja. Naupenda sana utaratibu huu, na nadhani hata sisi wa masika ya Dar, ambao ukungu hatuujui sana, tungeutumia mvua kubwa inapotanda.

Sasa niseme kinachoninyima usingizi. Januari 1, 2023 anga ya Ufilipino ilifungwa kwa saa kadhaa na mamia ya safari za ndege yakavurugika. Kituo cha Manila kilikuwa na UPS, na UPS ya akiba pia. Ya kwanza iliharibika, ya akiba haikupokea. Mafundi wakaunganisha mitambo moja kwa moja na umeme wa nje, na badala ya volti 220 zikaingia 380, vifaa vya mawasiliano vikaathirika. Hesabu vifaa walivyokuwa navyo utaona hakikupungua kitu. Waliangukia kwenye maungio. Atlanta, Marekani, Desemba 2017, moto kwenye handaki la chini ya uwanja wa ndege uliunguza nyaya kuu na za akiba kwa pamoja, kwa sababu zilipita njia moja. Na Nairobi, Agosti 2023, Kenya ilipokosa umeme karibu nchi nzima, jenereta la sehemu ya majengo ya abiria ya uwanja wa ndege wa JKIA halikuwaka.

Kwa hiyo ninapoingia chumba cha umeme, jenereta linalong'aa halinishughulishi sana. Naenda kwenye kabati la betri. Natazama ubavu wa kila betri kama umevimba, natazama unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, kisha napima ukinzani wa ndani, betri moja moja. Betri zimefungwa kwa mfululizo, ikifa moja safu nzima imekatika, hata kama thelathini zilizobaki ni nzima. Joto la Dar ni adui mkubwa hapa: betri za asidi zilizofungwa hupimiwa maisha yake kwenye nyuzi 20 au 25, na kila nyuzi kumi zinazozidi hupunguza umri huo kwa karibu nusu. Basi uliza kiyoyozi cha chumba hicho kimeunganishwa wapi. Nimekuta mahali ambapo kiyoyozi hakikuwa kwenye umeme wa jenereta. Umeme ukikatika mchana wa Februari, chumba kinapanda joto wakati ambao betri na UPS ndizo zinazofanya kazi kubwa kuliko siku zote.

Dizeli nayo inataka kuangaliwa. Unyevu wa pwani unaingia kwenye tangi, maji yanakaa chini, vijidudu vinaota mpakani mwa maji na mafuta, na utelezi wake unaziba chujio dakika chache baada ya injini kubeba mzigo. Toa maji kwa bomba la chini kabla hayajafika huko.

Kuna desturi ya kuwasha jenereta kila Jumatatu bila mzigo, kulisikiliza likinguruma, na kuweka sahihi kwenye daftari. Mimi hilo silihesabu kama jaribio. Injini ya dizeli inayokimbia bila mzigo hujaza masizi na mafuta yasiyoungua kwenye bomba lake la moshi, na hujajua kama swichi inageuka. Jaribio ni kukubaliana na waongoza ndege saa yenye ndege chache, mtu mwenye redio ya betri akiwa tayari mnarani, kisha kukata swichi kuu. Kengele ya UPS inalia, unahesabu sekunde, unasikia kontakta inagonga, unasoma volteji ya betri inashuka kiasi gani kabla jenereta halijashika. Halafu unaliacha libebe mzigo nusu saa au zaidi.

Usisahau safari ya kurudi. Umeme ukirudi haupaswi kupokelewa mara moja, maana dakika za kwanza huwa unapanda na kushuka, na mara nyingi unakatika tena. Weka saa ya swichi isubiri dakika kadhaa za volteji iliyotulia, na jenereta liendelee kuzunguka kidogo baada ya kushusha mzigo.

Na vyote vikishindwa, mnara una taa ya ishara ya mkononi. Kwa ndege iliyo angani, kijani kisichokatika ni ruhusa ya kutua, chekundu kisichokatika ni kuzipisha ndege nyingine na kuendelea kuzunguka, chekundu cha kumweka ni kwamba uwanja si salama, usitue. Kama ni ya kuchaji, iingie kwenye orodha ile ile ya ukaguzi wa betri, pamoja na redio ya mkononi, na ijaribiwe siku ile ile ya kukata swichi kuu.