Kwa Nini Zilipendwa Haziishi Kupendwa

Mkazi wa Dodoma aliyezaliwa miaka ya 1950 akisikia redioni muziki wa dansi wa miaka ya 1970, huongeza sauti na kutangaza kwamba wa siku hizi ni kelele tu. Mwanawe, aliyesoma sekondari mwanzoni mwa miaka ya 2000, humcheka, kisha naye huwageukia watoto wake na kuwaambia kwamba bongo fleva ya kweli ilikuwa ya wakati wake. Wote wawili wanasema kweli kuhusu nafsi zao, ingawa si lazima iwe kweli kuhusu muziki.

Utafiti wa kumbukumbu umeonyesha mara nyingi kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata walipokuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30. Sababu mojawapo ni kwamba huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: mshahara wa kwanza, mapenzi ya kwanza, safari ya kwanza ya kuondoka nyumbani. Jambo jipya hujichora akilini kuliko lile lililokwisha kuzoeleka, na ndiyo maana kila rika lina zilipendwa zake.

Sababu ya pili imo katika namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Kumbukumbu si ghala ambamo magunia hukaa kama yalivyopangwa. Kila tunapokumbuka jambo tunalijenga upya, na kwa watu wengi machungu yaliyoambatana nalo hufifia upesi kuliko furaha yake. Utotoni mwangu, kijijini upande wa Bahi, tulifukua mchanga wa korongo lililokauka ili kupata maji, tukasubiri yachuruzike, tukayachota kwa kata kidogo kidogo hadi ndoo ijae. Leo ninachokumbuka kwanza ni vicheko vya wenzangu waliokaa ukingoni. Shingo iliyouma njiani kurudi naijua kwa hesabu tu, kwa sababu nafahamu umbali ule. (Waliopata majeraha makubwa ya nafsi ni suala jingine, kwani kwao uchungu unaweza kubaki mbichi kwa miaka mingi.)

Harufu ina nguvu ya pekee. Taarifa za milango mingine ya fahamu hupitia kwanza kituo kimoja ndani ya ubongo kabla ya kusambazwa, ilhali harufu hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Chungu cha mlenda mkavu kikichemka kwa jirani hunirudisha kwenye tembe la bibi kabla sijatambua kinachopikwa.

Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari Basel, Uswisi, aliipa hali hii ya kutamani yaliyopita jina la nostalgia, kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya kurudi nyumbani na maumivu, akaihesabu kuwa ugonjwa wa walio mbali na kwao. Leo haihesabiwi kuwa ugonjwa. Majaribio ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, yameonyesha kwamba upweke huamsha hamu ya zamani, na kwamba mtu akishaikumbuka hiyo zamani hujiona yu karibu zaidi na watu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kusikiliza: anayesifu enzi zake mara nyingi anatueleza alichopungukiwa leo.

Dodoma inalionyesha hilo vizuri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini wimbi kubwa la watumishi lilianza kuja baada ya 2016, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Mtumishi aliyetoka Dar es Salaam anakumbuka upepo wa bahari. Mwenyeji hajahama, ila mji umemhama: mashamba ya uwele yamepimwa viwanja, na majirani aliowasalimu kwa majina ya baba zao wametawanyika.

Tofauti moja familia ziijue. Mzee anayesimulia ya 1974 kwa ufasaha lakini hakumbuki kama amekula asubuhi, anarudia swali lilelile au anapotea njia aliyoizoea, huenda ana tatizo la ubongo ambalo mara nyingi huacha kumbukumbu za kale kwa muda na kufuta za karibuni. Huyo apelekwe kituo cha afya, na anayempeleka awe mtu anayeishi naye, kwa kuwa daktari atauliza hali ilianza lini.